Mwanangu, nembo iacheni kwanza

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza: tamasha lenu la Tanga likichanganya taarab, singeli, jazi na hao vijana wa magitaa mazito, litajulikana kwa sura gani? Na wenzako wanataka nembo kwanza. Nembo ni kazi ya jioni moja, iacheni.

Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilipoanza huku Unguja mwaka 2004, pale Ngome Kongwe, sisi wa taarab tuliguna. Mara ngoma, mara rap, mara magitaa ya mbali huko: biriani hiyo au pilau? Lakini walikuwa na sharti: hapandi mtu kuimba juu ya CD. Ukipanda, upige. Sharti hilo linakunyima wasanii wengi, usidhani ni rahisi. Ila ndilo lililomkalisha Bi Kidude na kijana wa rap kwenye mkeka mmoja.

Mimi CD naijua uchungu wake. Harusi moja mwenye ukumbi hakutaka kumlipa fundi wa mitambo, akaniambia nishike fidla nijifanye napiga. Nikapitisha upinde juu juu, nyuzi haziguswi. Mtoto aliyekaa mbele akamwuliza mamake, "Mbona babu anapangusa vumbi?"

Basi chagueni sharti lenu, moja tu, hata liwaume. Kisha mpange nani anamfuata nani, maana hapo ndipo matamasha mengi yanapoharibika. Ukitanguliza singeli, taarab umeiua. Masikio bado yanakimbia. Anza na kanuni (chombo, si sheria) jua likizama, ngoma zifuate, singeli ije saa sita usiku watu wameshasimama.

Wala msituige sisi wa Unguja. Mji wenu ni wa Jamhuri Jazz, bendi ya dansi, na Black Star, kikundi cha taarab. Watafuteni wazee wanaojua nyimbo zile, na msiwapandishe saa kumi alasiri uwanja mtupu, kama maua ya mezani. Wafungieni chumba kimoja na vijana wa singeli wiki nzima, watoke na wimbo mmoja.

Fedha zitasumbua. Hata Busara mwaka 2016 halikufanyika kwa ukata, likarudi 2017. Zikipungua, kateni usiku mmoja, sharti msiliguse.

Mama yako anauliza kama Idi utakuja. Fidla nimeshaitia nyuzi mpya. Mkinihitaji nipigieni simu, nauli ya boti nitajilipia.

Baba yako