Baba amefia Uingereza, mama yuko edani: turudi lini na tugawe vipi?

SWALI: Asalaam alaikum sheikh. Baba yetu amefariki Leicester mwezi uliopita, hakuacha wasia. Ameacha mke mmoja, mama yake mzazi aliyeko Magomeni, na sisi watoto watatu: wavulana wawili na mimi binti. Mdogo wetu ana miaka 12. Ndugu wanataka mama arudi Dar haraka, na kaka ameshaanza kupakia vitu kwenye kontena. Kuna pia nyumba Mbagala ambayo baba alikuwa akisema ni ya kaka, ila hati ina jina la baba na kodi ya wapangaji alipokea yeye hadi mauti yalipomfika. Tufanyeje?

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mzee wenu.

Mama asisukumwe. Ikiwa hana mimba, eda yake ni miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, aya 234), kwa mwezi mwandamo, na inahesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya mazishi. Anaikalia katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Furay'a bint Malik alipofiwa na mume alitaka kuhamia kwa jamaa zake, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru abaki nyumbani mwake hadi muda utimie. Mchana anatoka kwa haja, kama benki, hospitali au kusaini makaratasi, na usiku alale nyumbani. Hamu ya ndugu kumpokea uwanja wa ndege si udhuru. Mkataba wa pango ukiisha na mwenye nyumba akakataa kuongeza, au kibali chake cha kuishi kikifikia mwisho, huo ni udhuru: atasafiri na kumalizia Dar siku zilizobaki, bila kuanza upya. Nguo nyeupe ni mila tu. Anachoepuka ni manukato, wanja, hina na mapambo.

Kaka asimamishe kontena. Gari, zana, fenicha na hata nguo za marehemu sasa ni mali ya warithi wote, akiwemo mtoto wa miaka 12. Viorodheshwe na kuthaminiwa kwanza. Atakayetaka kitu akipokee ndani ya fungu lake, na gharama ya kukisafirisha ni juu yake.

Kabla ya kugawa, toeni gharama za mazishi, kisha madeni. Mkopo wa benki, bili za nyumba na kodi ya serikali ya huko ni madeni kamili. Kuhama nchi hakuyafuti, na aliyekopesha kuwa si Muislamu hakubadilishi kitu. Mahari ya mama ambayo haikulipwa nayo ni deni. Kwa madhehebu ya Shafi, hija aliyoiweza asiitekeleze inalipiwa humohumo. Riba iliyoingia kwenye akaunti ya akiba haigawiwi. Itolewe kwa wahitaji bila kutarajia thawabu.

Sasa pale watu wengi wanapoteleza. Kwa sheria ya England na Wales, mtu akifa bila wasia akaacha mke na watoto, mke huchukua vitu binafsi vya marehemu na pauni 322,000 za kwanza. Kwa mali ya familia nyingi za kwetu, maana yake mama anapewa zote, na bibi wa Magomeni hapati kitu. Mbele ya Allah, kinachozidi fungu la mama ni amana mkononi mwake. Haki yake ni thumni (moja ya nane), bibi ana sudusi (moja ya sita), na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Tuseme baada ya madeni zimebaki pauni 24,000: mama 3,000, bibi 4,000, kila mvulana 6,800, nawe 3,400. Aliyebaleghe na mwenye akili timamu anaweza kumwachia mama fungu lake kwa hiari. Mdogo hawezi, wala hakuna wa kusamehe kwa niaba yake. Ndiyo maana pilau ya arobaini msiipikie kwa fedha za mirathi. Nani atakuwa amemruhusu mpishi kugusa fungu la yatima?

Nyumba ya Mbagala haikukabidhiwa. Hiba, yaani zawadi anayotoa mtu akiwa hai, bila makabidhiano haijatimia, na aliyetoa akifa inarudi kwenye mirathi. Wakisema lilikuwa agizo la wasia, mrithi hausiwi ila warithi wengine waridhie baada ya kifo, na fungu la mdogo halimo katika ridhaa hiyo.

Sheikh au kadhi atawapigia hesabu, lakini hati ya nyumba huku Bara haibadiliki kwa karatasi yake. Agizeni huko nakala kadhaa rasmi za cheti cha kifo, maana kila ofisi itataka yake. Fanyeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, kisha mfungue shauri la mirathi mahakamani. Kituo Jumuishi cha Temeke kinashughulikia mambo haya. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Msimamizi si mmiliki. Kwa kuwa kaka anaidai nyumba hiyohiyo, ningependa ateuliwe mtu mwingine, au wawili kwa pamoja. Kodi ya wapangaji tangu siku ya kifo iwekwe kando na igawiwe kwa mafungu yaleyale.

Wallahu aalam.