Je, rufaa itaongeza fidia ya mguu uliovunjika?

Ndugu, unasema hakimu amempa kakako laki nne kwa mguu aliovunjika kwenye ajali ya bodaboda, ilhali jirani alipata laki saba. Hapa Kenya tofauti hiyo peke yake haitoshi. Jaji wa Mahakama Kuu hajiulizi yeye angetoa ngapi. Anauliza kama hakimu alikosea kanuni, aliacha jambo la maana, au pesa ni kidogo (au nyingi) kupita kiasi. Msimamo huo ni wa miaka mingi.

Kinachosaidia ni hukumu za karibuni za majeraha yanayofanana. Wakili asilete za zamani, shilingi ya 2005 si ya leo. Na usome vizuri ripoti ya daktari: mfupa uliounga sawasawa na mguu uliobaki mfupi sentimita mbili si jeraha moja, hata kama yote yanaitwa "kuvunjika". Risiti za hospitali ambazo hamkuzitoa kwa hakimu, karibu uzisahau. Angalia pia kama kakako alikatwa asilimia fulani ya fidia kwa kukosa helmeti, hapo panapingika. Mna siku 30 tu za kukata rufaa.