Pu-erh kunukia udongo siyo kuharibika

Dada, umeuliza kama ile chai ya pu-erh aliyokuletea shemeji kutoka Guangzhou imeharibika kwa kuwa inanukia udongo, na uilinganisheje na chai ya oolong. Haijaharibika. Kama ni ile nyeusi, imevundikwa: majani ya Yunnan, jimbo la China, hulowanishwa, hurundikwa na kufunikwa kwa wiki kadhaa hadi yageuke. Ile harufu ya shamba baada ya mvua ni yake. Ukiona ukungu wenye manyoya, hapo ndipo utupe.

Oolong haivundikwi. Majani huachwa yabadilike rangi kiasi tu, kisha hukaangwa, ndiyo maana nyingine hunukia maua kabisa.

Chukua vikombe viwili vyeupe vinavyofanana. Gramu 5 kila kimoja, maji mililita 150. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mimina yakitokota, usiyaache yapoe. Pu-erh isuuze kwanza kwa maji moto, uyamwage. Kisha sekunde 30, chuja, onja, rudia na majani yaleyale mara 5 au 6. Usihukumu kwa maji ya kwanza! Oolong yangu hufunguka kwenye maji ya tatu, vile vigololi vya majani yaliyoviringishwa vikishakunjuka kuwa jani zima na kikonyo chake, na utamu ukabaki kooni muda mrefu.

Sukari, maziwa na tangawizi, siku hiyo hapana, tafadhali. Na usiyahifadhi karibu na kopo la iliki. Majani ya chai hunyonya harufu upesi mno.