Usianze na Mkono, Anza na Shingo

Mwaka wa kwanza chuoni nilipiga msuli wa misuli mpaka nikawa naota majina yake. Nilikuwa na daftari kubwa lenye jedwali: msuli, unapoanzia, unaposhika, neva yake, kazi yake. Kila usiku nameza mistari kumi, asubuhi najisikiliza, naona nimeiva. Matokeo yalipobandikwa nikakuta nimekula sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya anatomia, tena kwenye sehemu ya mkono na mgongo, ile niliyoisoma kuliko zote.

Leo natibu watu kwa fiziotherapia, na kila chuo kikifunguliwa vijana wa mwaka wa kwanza hunitumia ujumbe uleule: "Kaka, mkono naanzaje?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Usianze na mkono. Weka atlasi ya mwili chini, geuka, jishike shingo.

Inamisha kichwa, pitisha kidole kisogoni kushuka chini. Ule mfupa unaojitokeza zaidi pale shingo inapokutana na mabega, kwa watu wengi ni pingili ya 7 ya shingo. Kutoka hapo unaweza kuhesabu mgongo mzima wa mwenzako wa chumbani bila kitabu: mikono ikiwa imelegea, ncha ya chini ya kombe la bega huwa karibu na pingili ya 7 ya kifua, na ukishika nyonga zote mbili kwa juu, mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Shingo ina pingili 7, kifua 12, kiuno 5, kisha 5 zilizoshikana kuwa mfupa mmoja, na vile vidogo vya mwisho ambavyo kwa kawaida ni 4.

Mtego ni huu: pingili za shingo ni 7 lakini jozi za neva za shingo ni 8. Neva ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza, kwa hiyo zote za shingo hukaa juu ya pingili zenye namba zao, mpaka ya 8 inayokosa pingili yake na kupita chini ya ile ya 7. Kuanzia kifuani kila neva hutokea chini ya pingili yake. Ukilielewa hili wiki ya kwanza, umejiokoa na maswali mengi.

Sasa chukua neva tano, kuanzia ya 5 ya shingo hadi ya 1 ya kifua, yaani C5 mpaka T1. Hizo ndizo zinazokwenda kuutawala mkono, na kutoka shingoni hadi kwapani zinasukana kama ukili: mizizi 5 inakuwa vigogo 3, vinagawanyika kuwa 6, vinaungana tena kuwa kamba 3, kisha yanatoka matawi makubwa 5. Hii ndiyo pleksasi ya brakia inayoliza watu. Nimeona wanafunzi wakiisoma kwa mwezi mzima na wasiijue. Haisomwi, inachorwa. Mimi niliichora kwa kijiti mchangani, nyuma ya risiti, hata kwenye vumbi la kioo cha gari la watu. Mara moja kwa siku, bila kuangalia. Wiki ya tatu mkono wenyewe ukawa unaijua.

Nirudi kwenye sapu yangu. Ule ulikuwa mtihani wa vituo, kengele ikilia unahama. Kituo kimoja mwili ulilazwa kifudifudi, pini imechomwa kwenye msuli mpana wa chini ya mgongo, swali ni neva yake. Nikaona mgongo, nikaandika neva za nyuma za uti wa mgongo. Nikaondoka natabasamu.

Ule ulikuwa latisimasi dorsi, na si msuli wa mgongo kwa maana niliyoidhani. Umeenea mgongoni, ndiyo, lakini mwisho wake umeshika mfupa wa mkono wa juu. Kazi yake ni kuuvuta mkono, na neva yake inatoka kwenye ule ule ukili wa kwapani.

Nililielewa hili likizo, kwa shangazi yangu huko Muheza, Tanga, akitwanga. Nilikaa nyuma yake nikatazama mchi ukipanda na kushuka. Ulipopanda, makombe ya bega yalizunguka kwenda nje. Mkono ukiinuliwa mpaka juu kabisa, kwa makadirio theluthi mbili ya mwendo ni ya kiungo cha bega na theluthi moja ni ya kombe lenyewe, likizungushwa na misuli ya trapeziasi na serratasi ya mbele. Mchi uliposhuka kwa nguvu, pembeni pa mbavu, chini ya kwapa, pakakaza kama kamba: latisimasi. Na katikati, kandokando ya uti wa mgongo, mihimili miwili ya nyama haikuchezacheza, ilikuwa imemshikilia tu asianguke kinuni. Hiyo ndiyo erekta spaini, misuli ya mgongo wenyewe, na hiyo ndiyo inayopata neva za nyuma nilizoziandika. Shangazi aliniuliza kama nimekuja kusoma au kumwangalia anavyotoka jasho. Nikachukua mchi.

Tangu hapo sisomi msuli kabla sijaufanyisha kazi. Shika bisibisi kwa mkono wa kulia, kunja kiwiko, kaza skrubu ngumu huku mkono wa kushoto umeshika bisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono wa juu. Utaisikia ikivimba. Vitabu vya shule vimetufundisha kwamba inakunja kiwiko tu, kumbe pia ndiyo yenye nguvu zaidi kugeuza kiganja kitazame juu. Kisha shika kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, na uchezeshe vidole kama mpiga kinanda: ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja, hamna ila kano zinazovutwa kutoka huko juu na kutoka kiganjani.

Kwa nini nang'ang'ania shingo? Kwa sababu ya mgonjwa mmoja, mpakizi wa magunia. Alikuja akilalamika ganzi kwenye gumba na kidole cha shahada. Nikafikiria neva ya mediani, ile inayobanwa kwenye kifundo cha mkono ikishirikiana njia nyembamba na kano 9. Wiki mbili nimemfunga kifundo, hakuna nafuu. Mkubwa wangu wa kazi akamuuliza swali moja tu: ganzi inaishia wapi kwa juu? Akaonyesha upande wa nje wa kigasha, karibu na kiwiko.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mediani haihudumii ngozi ya kigasha. Ganzi ya gumba inayopanda upande ule inanuka neva ya 6 ya shingo. Alipoinamishwa kichwa nyuma na upande wa mkono ule, maumivu yakashuka mpaka gumbani.

Kwa hiyo mgonjwa akikwambia "mkono unakufa ganzi," usipokee sentensi hiyo hivyo hivyo. Mwambie akuonyeshe kwa kidole. Kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake, fikiria neva ya alna, ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete kwa upande wa kiganja, tena usiku, naye anaamka kuukung'uta mkono, hapo kifundo kina kesi. Kifundo kikilegea asiweze kukiinua baada ya kulala ameegemeza mkono kwenye kiti, ni radiali, imebanwa pale inapozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Na hata ukiwa na uhakika, pandisha macho mpaka shingoni kabla hujaandika.

Sapu niliirudia Septemba. Pini ilikuwa mahali palepale. Neva ya torakodorsali, nikaandika, C6, C7, C8, na kengele ilikuwa bado haijalia.