Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia "maamuzi ya kwanta"

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujatia sahihi. Unasema amekuja muuzaji ofisini kwenu na programu ya "maamuzi ya kwanta". Anadai fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, imeshaumaliza mtanziko wa wafungwa, na kwamba kampuni itakayoitumia programu yake itawapiku wenzake kwenye zabuni. Unataka kujua kama ni kweli, na kama itawafaa.

Katika maneno yake kuna jambo la kweli kabisa, tena zuri kuliko anavyolieleza yeye. Ila limetiwa kapu moja na jambo jingine, ambalo ni kubadilisha sheria za mchezo kisha kujisifu kwa ushindi. Ili uyatenganishe, kila ukionyeshwa mchezo wa kwanta uliza hivi: wachezaji wa kawaida wakipewa ruhusa ileile, watashindwa bado? Chukua kalamu tuanze.

Mwaka 1999 David Meyer alichapisha mchezo wa sarafu. Sarafu imo ndani ya boksi, kichwa kikiwa juu. Mchezaji wa kwanza anaigusa bila kuiangalia, wa pili anaigeuza au anaiacha, kisha wa kwanza anaigusa tena. Boksi likifunguliwa na kichwa kikawa juu, wa kwanza kashinda. Kwa sarafu ya mfukoni ni nusu kwa nusu. Lakini badala ya sarafu weka kyubiti, yaani chembe yenye hali mbili, tuziite kichwa na mwenge, inayoweza pia kukaa katika mchanganyiko wa hizo mbili. Wa kwanza anafanya kitendo kiitwacho Hadamard: kichwa kinakuwa mchanganyiko sawa, "kichwa jumlisha mwenge". Mpinzani akigeuza, kichwa kinakuwa mwenge na mwenge kinakuwa kichwa, na jumla inabaki ileile. Asipogeuza, ni ileile pia. Hadamard ya pili inarudisha kichwa. Wa kwanza anashinda mara 100 katika 100.

Sasa uliza swali letu. Mpinzani alikuwa amefungiwa kwenye "geuza" na "acha". Mwongezee ruhusa moja tu, ya kubadili alama iliyo mbele ya mwenge kutoka jumlisha kuwa toa. Mchanganyiko unakuwa "kichwa toa mwenge", Hadamard ya mwisho inatoa mwenge, na yule asiyeshindwa sasa anashindwa kila mara. Kwa hiyo ushindi wa mwanzo ulitoka kwenye ruhusa zisizolingana. Hesabu ya Meyer ni sahihi, lakini mtu akikuletea kama ushahidi kwamba kwanta inafanya maamuzi bora, mkatalie.

Mtanziko wa wafungwa unahitaji subira zaidi, kwa sababu hapa ndipo muuzaji wako alipojenga nyumba yake. Unaukumbuka: wote wakishirikiana kila mmoja anapata 3, wote wakisalitiana kila mmoja anapata 1, na mmoja akimsaliti anayeshirikiana, msaliti anapata 5 na mwenzake 0. Afanye mwenzako lolote, wewe kusaliti kunakulipa zaidi. Wote wawili wakifikiri hivyo wanaishia 1 kwa 1, na 3 kwa 3 ilikuwepo mezani.

Mwaka huohuo wa 1999 Jens Eisert, Martin Wilkens na Maciej Lewenstein walipendekeza hivi: mwamuzi achukue kyubiti mbili, azifungamanishe, yaani aziunganishe hali zao hata matokeo ya moja yahusiane na ya nyingine, ampe kila mchezaji moja, wazifanyie watakalo na kuzirudisha. Mwamuzi anafungua ule mfungamano, anapima, kisha analipa. Walionyesha kwamba kuna kitendo kipya, walichokiita Q, ambacho wote wakikichagua wanapata 3 kwa 3 na hakuna anayefaidika kwa kukiacha. Hapo ndipo ulipoanza usemi kwamba mtanziko umekwisha.

Tuifanye hesabu yenyewe. Mfungamano ukiwa kamili, na kila mchezaji akiwa na vitendo vinne, yaani Shirikiana, Saliti, Q na kimoja zaidi nitakachokiita X (kugeuza kyubiti kwa mhimili tofauti na wa Saliti), malipo yako yanakuwa haya. Mstari ni kitendo chako, na namba zinafuata kitendo cha mwenzako kwa mpangilio huohuo:

Shirikiana: 3, 0, 1, 5
Saliti: 5, 1, 0, 3
Q: 1, 5, 3, 0
X: 0, 3, 5, 1

Funika kwanza mstari wa mwisho na safu ya mwisho kwa kidole. Mwenzako akicheza Q, wewe ukishirikiana unapata 1, ukisaliti 0, ukicheza Q unapata 3. Basi mnatulia kwenye Q, kama walivyosema. Sasa ondoa kidole. Mwenzako akicheza Q, X inakupa wewe 5 na yeye 0. Akicheza X, dawa yake ni Shirikiana, inayokupa 5. Dawa ya Shirikiana ni Saliti, na dawa ya Saliti ni Q. Ni duara, kila kitendo kina mbabe wake na hakuna pa kutulia. Simon Benjamin na Patrick Hayden walilisema hili mwaka 2001: vitendo vilivyoruhusiwa kwenye andiko la awali vilikuwa sehemu tu ya vile fizikia inavyoruhusu, na X haikuwemo. Kila mmoja akichagua kwa bahati kati ya vyote vinne, wastani ni 9 gawanya kwa 4, yaani 2.25. Inazidi 1 na haifiki 3.

Itazame tena ile meza, mwanangu. Ni namba kumi na sita kwenye karatasi. Mwamuzi mwenye kadi nne na meza hiyo anaweza kuuendesha mchezo huu chini ya mwembe bila fotoni (chembe ya mwanga) hata moja, na malipo yatakuwa yaleyale. Hoja ya aina hii waliitoa Steven van Enk na Rob Pike mwaka 2002: kilichotatuliwa ni mchezo mwingine. Mwaka huohuo timu ya Jiangfeng Du iliucheza mchezo wa Eisert na wenzake kwa kifaa cha NMR, jamaa ya zile mashine za MRI za hospitali, na matokeo yakakubaliana na hesabu. Jaribio hilo lilithibitisha fizikia, halikuutatua mtanziko wa mwanzo. Ukiwaachia wafungwa sheria zao za zamani, kila mmoja atamke "nashirikiana" au "nasaliti", basi hata wakilala na fotoni zilizofungamana chini ya mto, kusaliti bado kunamlipa kila mmoja zaidi. Ushauri wowote watakaoupata kutoka kwenye hizo fotoni, wataupuuza.

Basi jambo la kweli liko wapi? Liko kwenye mchezo ambao kwake swali letu linajibiwa "ndiyo, watashindwa bado". John Bell aliweka msingi wake mwaka 1964, na Clauser, Horne, Shimony na Holt wakaupa umbo mwaka 1969, ndiyo maana unaitwa CHSH. Asha na Juma wako vyumba tofauti, hawawezi kuwasiliana. Mwamuzi anarusha sarafu kwa ajili ya kila mmoja na kumpa swali namba 0 au namba 1. Kila mmoja anajibu ndiyo au hapana. Wanashinda majibu yakifanana, isipokuwa wote wawili wakiulizwa namba 1: hapo lazima yatofautiane. Kupanga njama kabla ya mchezo ni ruksa.

Jaribu kupanga. Jibu la Asha kwa 0 lifanane na majibu yote mawili ya Juma, na jibu la Asha kwa 1 lifanane na la Juma kwa 0. Tayari majibu yote manne ni mamoja, kwa hiyo wakiulizwa 1 na 1 watafanana na kushindwa. Ukirekebisha hapo, unavunja pengine. Kwa hiyo hawavuki 3 katika 4, asilimia 75, hata wakikesha wakipanga.

Sasa kila mmoja apokee fotoni moja ya pea iliyofungamana, na aipime kwa kichujio cha polaroidi alichokiinamisha kulingana na swali. Kwa pea inayofaa, uwezekano wa majibu kufanana ni mraba wa kosaini ya tofauti ya pembe zao. Asha: nyuzi 0 kwa swali 0, nyuzi 45 kwa swali 1. Juma: nyuzi 22.5 kwa swali 0, na nyuzi 22.5 upande wa pili wa sifuri, yaani hasi, kwa swali 1. Katika hali tatu tofauti ni nyuzi 22.5, na wanafanana kwa uwezekano wa 0.854. Katika ile ya nne tofauti ni 67.5, na wanatofautiana kwa uwezekano uleule wa 0.854. Michezo 1,000 inawapa ushindi kama 854, mahali ambapo njama bora kabisa inatoa 750. Boris Tsirelson alithibitisha mwaka 1980 kwamba hata kwanta haivuki hapo. Na hakuna ujumbe unaopita: Asha akiangalia majibu yake peke yake ataona ndiyo nusu na hapana nusu, aulizwe Juma lolote.

Ukitaka kuujaribu kwenye kompyuta, makosa ni yaleyale kila mara. Ukimwekea Juma 22.5 na 67.5 badala ya 22.5 na hasi 22.5, unaanguka hadi asilimia 50 kamili. Kosa baya zaidi ni kusahau kwamba amri ya kuzungusha kyubiti kwenye programu nyingi hudai pembe maradufu: ukitaka nyuzi 22.5, andika 45. Ukiliacha hilo utapata karibu asilimia 80, utadhani ni kelele za mashine, kumbe ni wewe. Michezo 20 haitoshi, bahati peke yake inaweza kukupandisha kutoka 75 hadi 85; cheza 1,000. Tena usiitupe michezo ambayo fotoni ilipotea njiani. Mchezaji asiyeona fotoni lazima ajibu hivyohivyo na mchezo uhesabiwe, la sivyo hata walaghai wasio na kwanta watakupa 85.

Kelele zina kipimo. Mfungamano ukiwa na ubora wa asilimia 90, ushindi unashuka hadi 81.8. Chini ya ubora wa asilimia 70.7 faida yote imekwisha. Mwaka 2015 huko Delft, Uholanzi, watafiti waliucheza kwa elektroni zilizomo ndani ya almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, umbali ambao mwanga unahitaji mikrosekunde 4 na ushei, na majibu yakatolewa kabla muda huo haujaisha. Michezo ilikuwa 245, walishinda 196. Ni asilimia 80, na hakuna aliyepata nafasi ya kunong'ona.

Turudi kwenye zabuni zenu. Faida ya CHSH inadai wachezaji walio timu moja, kila mmoja akiwa amesikia jambo ambalo mwenzake hajalisikia, na wasiwe na muda wa kuambiana. Kampuni yenye mashine za biashara kwenye masoko ya hisa ya New York na Chicago inaweza kuota jambo hilo, maana mwanga wenyewe unahitaji karibu milisekunde 4 kutoka soko moja hadi jingine. Ninyi mna wiki mbili na simu mezani. Na mshindani wenu hayuko timu yenu: kukubaliana naye mgawane kyubiti ili bei zenu zipangike ni kula njama ya zabuni, na sheria haitauliza kama mlitumia fotoni au bahasha.

Mwambie muuzaji akuletee meza ya malipo kama niliyokuandikia, yenye safu na mistari yote, kisha umuulize nini kinatokea mshindani akipewa vitendo vilevile. Kama programu yake inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, kumbuka kyubiti mbili ni namba changamano nne tu. Laptopu yako inaziweza.

Nadharia ya michezo ya kawaida ndiyo itakayokusaidia kwenye bei. Chukua zabuni ya bei ya chini kushinda, bahasha zimefungwa, washindani wote wanne mkiwemo ninyi, gharama za kila mmoja zikiweza kuangukia popote kati ya milioni 80 na milioni 120. Gharama yako ikiwa milioni 100, chukua umbali hadi kwenye kilele, milioni 20, gawanya kwa idadi ya washindani, uongeze kwenye gharama: andika milioni 105. Wakiwa wanane, andika 102.5. Pale ambapo wote mnakadiria gharama moja msiyoijua, tuseme kina cha mwamba utakaochimbwa, panda juu zaidi ya hapo, kwa sababu anayeshinda huwa ndiye aliyekadiria chini kuliko wote.

Nitumie bei zenu na za washindani kwenye zabuni ambazo matokeo yake yalitangazwa, pamoja na makadirio yenu ya gharama wakati ule. Hata kumi zinatosha kuanzia.

Mama yako