Krapi wa Julai wako chini, mfuate hukohuko

Ndugu mmoja aliyeko Texas kaniandikia kuhusu krapi, samaki wa maziwa ya Marekani: "Kaka, mwezi wa nne krapi nawapata tele, ikifika Julai simpati hata mmoja. Wanahamia wapi?" Wapo palepale ziwani, ila mwezi wa nne walikuja ufukoni kutaga, na sasa jua limewasukuma kwenye maji ya kina.

Mimi kurambaza, yaani kuvua kwa kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, nilifundishwa na baba huko Tanga, ndani ya ngalawa, mshipi mkononi, tukiwasaka nguru. Nilipohamia Memphis nikaanza kushuka hadi jimbo la Mississippi, kwenye maziwa ya Sardis na Enid. Enid ndiko alikovuliwa krapi mweupe wa rekodi ya dunia mwaka 1957, zaidi ya kilo 2. Siku za mwanzo kuna jamaa walizitazama fimbo zangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama kwetu kuna maziwa. Mtu wa nchi yenye Victoria na Tanganyika! Jumamosi iliyopita nikawakuta wanapandisha boti mikono mitupu. Sikusema neno. Nilifungua tu boksi langu, nikajifanya napanga barafu. Taratibu sana.

Sasa, ndugu yangu, siri ni kina. Samaki wa plastiki mwenye ulimi, yaani chambo bandia chenye kibamba mdomoni cha kukizamisha, huzama kiasi chake tu, hata umwachie mshipi mrefu vipi. Tumia mshipi wenye kiini cha risasi, ile metali nzito, kilichofunikwa kwa ala ya uzi uliosukwa. Hubadilika rangi kila yadi 10, na kwa mwendo wa polepole kila rangi inashusha chambo kama mita moja na nusu. Unahesabu rangi, unajua ulipo. Krapi hula akitazama juu, kwa hiyo pitisha chambo juu yake kidogo, kamwe si chini yake.

Mwishoni mwa mshipi huo unga nailoni ya mita kadhaa. Fundo la risasi huwa nene na huachia, basi sukuma ala nyuma kwa kucha, risasi ichomoze, ikate kama urefu wa kidole, kisha funga ile ala tupu. Hapo fundo linakaa.

Fimbo iwe laini. Mdomo wa krapi ni karatasi, ukimvuta kwa nguvu ndoana inachana na kutoka. Lakini sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa wa vitu vikubwa: fimbo ngumu, injini kubwa, picha mtandaoni, boksi tupu. Acheni mashindano. Fimbo ikipinda usiinyakue, iache kwenye kishikizo, boti ikufanyie kazi, wewe zungusha rili bila pupa. Fimbo ndefu zitoke ubavuni, fupi zikae karibu na shetri, nyuma ya boti, mishipi isisokotane. Na soma kanuni za ziwa husika kuhusu idadi ya fimbo na urefu wa samaki, maana askari wa wanyamapori hawana utani.

Mwendo uwe kilomita 2.5 hadi 3 kwa saa. Ukikata kona, fimbo za upande wa nje hukimbia na za ndani hupunguza mwendo. Samaki wakizipiga za nje, ujue wanataka mwendo, ongeza gesi kidogo. Wakizipiga za ndani, punguza.