Mchungaji, kanisa ligawe unga au lihubiri injili? Na asiyesali kwetu naye apewe?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama, mzee wa kanisa kwenye mtaa mmoja wa KKKT huku bondeni. Masika hii mto ulifurika nyumba nyingi zikaingia maji, tukachangishana unga, maharage na mablanketi tukagawa. Sasa imekuwa vurugu kwenye baraza la wazee. Wengine wanasema hela ya ujenzi imeliwa wakati kanisa halijaezekwa, kazi ya kanisa ni injili, misaada waachiwe serikali na mashirika. Halafu walikuja majirani waislamu na wengine wa madhehebu mengine wakaandikishwa, mzee mmoja akasema wapewe wanaosali kwetu tu, au basi waje ibadani kwanza ndo wapewe. Na mpaka leo kuna watu wanakuja kila wiki kuulizia unga. Biblia inasemaje? La mwisho, wajumbe wawili wa kamati ya diakonia (huduma kwa wahitaji) nyumba zao nazo ziliingia maji, je wachukue au wakae pembeni?

JIBU: Amina mama, marahaba, na poleni sana na mafuriko.

Kwanza niseme hiyo vurugu isiwatishe, ugomvi wa kwanza kabisa wa waumini kule Yerusalemu tulioandikiwa kwenye Matendo sura ya 6 ulikuwa wa chakula. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Sasa najua huyo mzee wako wa "kazi yetu injili" atakuwa ameshakusomea mstari wa 2, pale mitume wanaposema "Haipendezi sisi kuliacha neno la Mungu na kuhudumu mezani", na watu wengi wakishafika hapo wanafunga Biblia wanaondoka. Asifunge. Mitume hawakusema meza zifutwe, walisema wapatikane watu saba wenye kushuhudiwa wema, wamejaa Roho na hekima, yaani sifa unazotafuta kwa mchungaji zinatakiwa kwa mtu wa kugawa mikate! Na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, maana yake kazi wamepewa watu wa upande ule ule uliokuwa unalalamika. Mimi huwa nawaambia wazee, anayelalamika sana kuhusu mgao mpeni daftari la mgao. Halafu mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Stefano huyo huyo wa meza sura inayofuata anahubiri mpaka anapigwa mawe, na Filipo anapeleka injili Samaria. Kwa hiyo hii ya kusema ama unga ama injili Matendo haiijui.

Kuhusu hela ya ujenzi, hapo nitasema kitu wajenzi hawatakipenda. Miaka ya 150 hivi Yustino Shahidi akiwa Roma aliandika jinsi wakristo walivyokuwa wanaabudu Jumapili, wanasoma, wanahubiriwa, wanashiriki mkate na divai, na wenye uwezo wanatoa kila mtu anavyopenda, kinachokusanywa anakabidhiwa kiongozi naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hiyo ndo sadaka ya Jumapili ilivyokuwa. Sisemi msiezeke, mvua ikiwanyeshea ibadani nayo ni shida, lakini sharika nyingi zinafanya diakonia kwa "kitakachobaki", na mama wewe ni mzee wa kanisa unajua hakuna kitakachobaki, kuna bati, kuna kinanda, kuna mchango wa dayosisi, kuna kiti cha askofu akija. Mpange asilimia kwenye bajeti mapema, hata kama ni ndogo, isiguswe na mtu wa bati. Na kama mlichota hela ya ujenzi bila kikao kukaa, hapo wenzako wana haki ya kukasirika hata kama unga ulikwenda kwa wenye njaa, muwaambie wazi mtairudishaje.

"Waachiwe serikali." Huyu anayesema hivi sijui yeye alizaliwa wapi, maana watu wengi sana nchi hii wamezaliwa kwenye hospitali za makanisa. Haydom kule Mbulu ilianzishwa na wamisheni wa Kilutheri kutoka Norwe 1955, KCMC Moshi ilifunguliwa 1971, Bugando ya Wakatoliki mwaka huo huo, na sehemu ambazo hapakuwa na hospitali ya wilaya serikali ilichukua ya kanisa ikaifanya hospitali teule ya wilaya. Mwaka 1992 serikali ikasaini makubaliano na CCT (jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti) na TEC (baraza la maaskofu Katoliki) kuhusu huduma za jamii, ndo ikazaliwa CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii. Sasa kama serikali yenyewe inakaa mezani na kanisa kusaini, sisi tunajitoa kwa aya ipi? Na wakimbizi, TCRS, shirika la kikristo la kuhudumia wakimbizi, ilianza 1964 ikisimamiwa na Walutheri wa dunia nzima, na 1994 watu walipomiminika Ngara kutoka Rwanda watu wa makanisa walikuwepo pale.

Ila hapa nina mfano ninaoupenda zaidi kuliko hayo mahospitali makubwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa, 1983, na baada ya miaka michache ukawa unakuta kaya ina bibi na wajukuu tu, katikati hapana mtu. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, na walichofanya siyo kukusanya watoto wote kwenye jumba moja, waliwasaidia wakiwa kwa bibi zao na shangazi zao, kwenye migomba ya baba yao. Hiyo inataka mtu wa kutembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, serikali haina huyo mtu kila kitongoji. Nyie mnaye, jumuiya inasali kila wiki nyumbani kwa mtu, mnajua nani hajala.

Na kusaidia siyo unga tu. Mwalimu Nyerere, mkatoliki yule, Oktoba 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu wabaki maskini litakuwa halina maana kwa watu. Kwa huko bondeni hiyo inaweza kuwa kitu kidogo tu, mjane shemeji zake wamemwekea miti kwenye shamba wanasema mpaka umesogea maana maji yamefuta alama. Mzee wa kanisa ampeleke baraza la ardhi la kijiji, akae naye kwenye benchi, sheria ya ardhi ya vijiji ni ya 1999 na mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume, lakini akienda peke yake anaweza kuambiwa njoo kesho mpaka achoke. Au mkutano wa kijiji wa TASAF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii) unapotaja kaya maskini muwepo, maana anayetajwa mara nyingi ni yule mwenye mtu wa kumtaja. Usharika mmoja niliotumika walikuwa wanazilipia kaya za wazee CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati huo ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu 6, bei ya mifuko michache ya saruji tu, na bibi akiumwa alikwenda zahanati bila kuuza kuku.

Haya sasa waislamu na wa madhehebu mengine. Mama, hapa sina la kuzungusha, wapewe. Wagalatia 6:10 inasema tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio, na wazee wako watakamatia hilo "hasa", sawa, lakini "hasa" inakuja baada ya "watu wote", haijaifuta. Yule Msamaria wa Luka 10 alimlipia mtu wa dini nyingine dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na akaahidi kurudi kumaliza deni, hakumuuliza anasali wapi. Karne ya 4 kaisari Juliano, aliyeukataa ukristo akataka kurudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu kwa uchungu kwamba hawa Wagalilaya (ndivyo alivyowaita wakristo) wanalisha maskini wao na wa kwetu pia, ni aibu. Adui ndo anashuhudia hivyo! Sasa nyie mnataka kupunguza.

Na hiyo ya "waje ibadani kwanza" nakataa kabisa. Huko ni kuweka unga kwenye ndoano. Yesu mwenyewe Yohana 6 watu walipomfuata ng'ambo ya ziwa aliwaambia mnanitafuta kwa sababu mlikula mikate mkashiba, hakufurahia ule umati. Mtu aliyekuja ibadani kwa sababu ya kilo tano za sembe akizimaliza ataondoka, na jirani yake mwislamu akimwona atasema wakristo wananunua watu, na mtakaa na hilo neno hapo bondeni miaka mingi kuliko unga ulivyokaa. Hata mashirika makubwa walishakubaliana, kuna mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada wa 1994 unaosema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa dini au siasa, na waliokuwa nyuma yake ni pamoja na Caritas, Baraza la Makanisa Duniani na Walutheri wenzetu wa LWF. Kwa hiyo siyo wapagani waliotutungia hiyo. Mimi ningewashauri mgao msifanyie kanisani wala baada ya ibada, ombeni uwanja wa shule ya msingi au ofisi ya serikali ya mtaa, mualikeni na imamu akae hapo aone, atawasaidia hata kuhakiki majina ya watu wake. Akiuliza mtu kwa nini mnafanya hivi mwambieni kwa sababu ya Yesu, hapo hamjamlazimisha mtu, ameuliza mwenyewe. Na picha jamani, hii ya kumshikisha bibi mfuko wa unga huku watu sita wamesimama nyuma wametabasamu halafu inarushwa kwenye magrupu, acheni. Mfadhili akitaka ushahidi apewe daftari na risiti.

Wanaokuja kila wiki. Hapa lazima muwe wakali kidogo lakini kwa akili. Mtume Paulo kwenye 1 Timotheo 5 ana orodha ya wajane, siyo kila mjane anaingia, mwenye watoto au wajukuu wamtunze wao kwanza kanisa lisilemewe, ili liwasaidie walio wajane kweli kweli. Watu wanapenda kurusha 2 Wathesalonike 3:10, asiyefanya kazi asile, ila msome vizuri, imeandikwa "hataki" kufanya kazi. Mtu ambaye shamba lake liko chini ya mchanga wa mto hajakataa kazi. Shida ya kugawa mlangoni ni kwamba anayefika ni mwenye miguu. Kuna mgao niliushuhudia, foleni imejaa vijana na akina mama wenye nguvu, wamemaliza mifuko yote, jioni parishi weka (mtumishi wa usharika) akapita nyumba moja ya pembeni akakuta babu amepooza mguu, amelalia gunia lenye unyevu, sufuria iko jikoni kavu ina majivu, na hakuna aliyemwandika kwa sababu hakuna aliyemwona. Kwa hiyo fungeni huo mlango wa kila wiki, badala yake wazee wawili wawili wapite kaya kwa kaya, na mgao wa mbele uwe wa mbegu na majembe kabla ya mvua nyingine, wasiojiweza ndo waendelee na chakula.

Halafu hesabu. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig kule Ujerumani walitunga utaratibu wa sanduku la jumuiya la kulipia mahitaji ya kanisa, shule na maskini, Martin Luther akauandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, funguo moja kwa mabwana wa vyeo, moja kwa baraza la mji, moja kwa wenyeji wa mjini, moja kwa wakulima wa vijijini, hakuna anayefungua peke yake, na wasimamizi 10 wanakutana kila Jumapili. (Pamoja na hayo yote baraza la mji likang'ang'ania mali na Luther akalalamika, kwa hiyo msidhani kufuli zinatosha.) Lakini wazo ni zuri, sisi waluteri tumerithi nyimbo zake tukasahau kufuli zake. Paulo naye alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu hakuubeba peke yake, anasema 2 Wakorintho 8 hataki mtu awalaumu, wanafikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu". Kwa hiyo Jumapili baada ya matangazo msomeni: ziliingia kiasi hiki, magunia mangapi yametoka, yamebaki mangapi, funguo ya stoo anayo nani na nani. Majina ya waliopewa msiyasome.

Na hao wajumbe wawili wa kamati, wachukue mama, maji hayakuuliza nani mjumbe. Ila wasijiandike wenyewe, kaya zao ziende kukaguliwa na mzee wa jumuiya nyingine, wapate kipimo kile kile cha wengine, na siku hiyo wasishike debe, wapange foleni kama watu.